Viazi vya Chini ya Gunia

Mdogo wangu Skola,

Kamwene, mama Atupele. Baridi ya huko imekuachaje? Na ule mguu unaovimba ukisimama sana gengeni, umepata nafuu? Mimi bado napumua, ingawa si kwa raha. Madaktari wa hapa Ujerumani wameacha kuniambia habari za kupona; sasa wananiuliza tu kama nimelala vizuri. Nimewaelewa. Usilie kabla hujamaliza kusoma, maana nina jambo la kukuungamia, na ukishalisoma umsomee Atupele, kila neno. Muuguzi atazipiga picha karatasi hizi akutumie leo. Posta haitawahi.

Wiki iliyopita ulinitumia sauti yako kwenye simu: "Kaka Fausti, huyu mwanao hali! Anahangaika na hiyo mashine yenu mpaka chai inapoa. Mwambie aache, aje tuuze viazi." Nilicheka sana. Siku mbili baadaye akanipigia mwenyewe, sauti imekauka. "Mjomba, mwaka mzima nairudia kazi yako. Wewe ulipata, mimi sipati. Mwalimu wangu anasema nakosea mahali. Labda kichwa changu hakifiki huko. Mwisho wa mwezi naandika barua ya kuacha chuo."

Akangoja nimjibu. Nikakohoa. Nikakohoa mpaka muuguzi akaja akaichukua simu. Skola, kikohozi kile hakikuwa cha kifua.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu ilikuwa nini hasa. Fikiria lori linalokwenda kukusanya viazi vijiji kumi na viwili. Lianzie wapi, limalizie wapi, ili lisichome mafuta bure? Ongeza kijiji kimoja tu, na idadi ya njia inaruka. Vijiji vikiwa vingi, hakuna kompyuta ya kawaida itakayozipitia njia zote. Kompyuta ya kwanta, ndiyo hiyo mashine yetu, inazibeba nyingi kwa pamoja, nasi tunaisukuma hatua kwa hatua kuelekea zilizo bora, kisha tunafungua na kuona moja. Tunarudia hivyo maelfu ya mara. Shida ni kwamba mashine hizi ni dhaifu kama mimi nilivyo sasa. Joto kidogo, mtikisiko kidogo, hesabu inaharibika. Hiyo tunaiita kelele. Kila hatua unayoongeza inakuja na kelele yake, mpaka jibu linakuwa sawa na kuokota karatasi kofiani bila kuangalia.

Wazo langu lilikuwa tusianzie sifuri. Tuchukue mpango mzuri ambao dereva mzoefu angeupanga kichwani, mashine ianzie hapo, iurekebishe kwa hatua chache. Hilo lilikuwa kweli, na bado ni kweli. Lakini niliandika zaidi ya hapo. Niliandika kwamba hata ukiongeza hatua, majibu yanazidi kuwa mazuri, na mchoro wangu ukapanda kama barabara ya mlima Kitonga. Haukupanda, mdogo wangu. Baada ya hatua ya tatu majibu yaliporomoka. Kulikuwa na siku chache mashine ilipotulia. Nikachukua matokeo ya siku hizo, mengine yote nikayaweka kando, wala sikuandika popote kwamba yapo. Nilijiambia zile ni siku mbaya za mashine. Kumbe siku mbaya ndizo zilikuwa siku zake za kawaida.

Nikasifiwa, nikapanda cheo. Nawe ukakata picha yangu gazetini ukaibandika gengeni hapo Mbalizi.

Unakumbuka Kilolo, siku mama aliponituma kujaza gunia la yule mfanyabiashara wa Iringa mjini, mzee wa kofia nyeupe? Viazi vikubwa nikavipanga juu, vilivyooza na vilivyoota nikavificha chini. Yule mzee akalipindua gunia lote uani. Wewe ulikuwa mdogo, ukapiga kelele, "Kaka, viazi vyako vina ndevu!" Watu wakacheka. Mama akanikalisha pale pale kuchambua kimoja kimoja, na yule mzee akangoja mpaka nikamaliza. Tangu hapo wewe humuuzii mtu kabla hujamwaga gunia mbele yake. Mimi niliyesomeshwa mpaka Ulaya, wakati wewe ulibaki kumuuguza mama, ndiye niliyesahau. Kwa hiyo nimeona uwe wa kwanza kwetu kusikia.

Sasa nimemwaga. Jana nimewaandikia wenye jarida waiondoe makala yangu. Asubuhi hii nimemtumia Atupele daftari zangu zote, pamoja na matokeo niliyoyaficha. Mwambie ayalinganishe na yake. Ataona kwamba kila alipodhani amekosea, alikuwa ameona sawasawa. Kazi yake haijafa. Inaanzia pale ninapoishia. Kwa nini hatua ya tatu? Mtu atajuaje lipi ni jibu na lipi ni kelele? Mwalimu wake naye asome barua hii. Nilipoteza miaka ya watu wengine nisiowajua, na hao siwezi kuwapigia simu wote. Huyu wetu naweza.

Ile picha ya gazeti, tafadhali ibandue. Au ibakize, lakini mteja akikuuliza, mwambie yote.

Nisalimie shemeji, baba Atupele, na umwambie koti aliloniazima siku ile ya kuondoka bado ninalo. Msalimie shangazi yetu aliyebaki Kilolo, umsemee karibu na sikio. Na mke wa marehemu kaka kule Nyololo, asiache kuniombea; ukimsimulia haya atajua aombe nini.

Mkono umechoka. Atupele akishasikia haya, akikasirika mwache akasirike, ana haki. Akitulia, mwambie anipigie, asubuhi ndipo ninapokuwa na pumzi. Nitajibu kila atakaloniuliza. Nikikohoa safari hii, itakuwa ni kifua tu.

Ni mimi kaka yako,
Faustini