Mimi Si wa Kasese

Jumanne, 10 Juni 2025

Hili sijamwambia mtu. Shuleni mimi ni Emily, Mkonjo wa Kasese, mwenyeji wa nchi hii. Uongo. Mimi ni Emérence wa Butembo, Kongo. Kinande chetu kinakaribia sana Kikonjo, basi hakuna aliyeshtuka — miaka mitatu sasa.

Leo darasani kwetu, Senior Three, ameletwa msichana kutoka Goma. Princesse. Kiingereza hana. Aliketi karibu yangu, akaninong'oneza: "Dada, unasikiaka Kiswahili?"

Nilitikisa kichwa. Hapana. Ningekubali, wote wangejua nami ni Mkongo. Na daftari hili lote naliandika kwa Kiswahili.

Alhamisi, 12 Juni

Mwalimu wa biolojia alimuuliza swali. Akasimama tu, kimya. Rashidah wa dawati la nyuma akasema, "Mkongo anangoja muziki upigwe." Darasa likacheka. Na mimi nilicheka. Ndiyo, mimi.

Mwalimu akasema asipopatikana wa kumfafanulia masomo, Jumatatu atashushwa Senior One. Ana miaka kumi na sita, akakae na watoto! Akauliza: nani anajua Kiswahili? Niliangalia dawati.

Akasimama Oloya, mtoto wa kambi ya polisi ya Naguru. Kiswahili chake cha kambini: "Kuja kaa hapa. Hapana ogopa." Kibovu kabisa — lakini niliyaona mabega ya Princesse yakishuka. Mchana akala posho yake yote, mara ya kwanza tangu aje.

Ila somo la biolojia lilipofika kwenye figo, Oloya alikuwa amekwama. "Hii kitu... ya mkojo." Mwalimu akasema ahsante, haitoshi.

Maneno yote ninayo mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Nilifika hadi mlango wa ofisi ya walimu. Nikarudi.

Jumapili, 15 Juni

Mama ametoka kanisani na wageni, Wakongo wa Goma. Kumbe nao wanakaa hapa hapa Makindye, mtaani kwetu. Nawasikia sebuleni.

Mama anasema: "Binti yangu yuko shule hiyo hiyo, Senior Three. Emérence. Kiswahili anakijua kunipita."

Halafu sauti ya Princesse, polepole: "Mama, kwetu darasani hakuna Emérence."

Mama anacheka. "Yuko chumbani, mwanangu. Nenda umwone."

Nilishaanza kulisukuma daftari chini ya godoro. Nimelirudisha mapajani. Wazi, Alhamisi ikionekana kwenye ukurasa wa kushoto. Kusema siwezi, labda asome. Labda anichukie, kisha kesho anikubali nikae naye, nimfafanulie masomo.

Nyayo. Viatu vya kanisani, vinatembea kwa adabu. Vimesimama.

"Hodi?"

Kitasa kinazunguka. Naweka kalamu chini, namgeuzia daftari.