Kabla Hujatia Sahihi na Ligi Mpya

Kokomo, Indiana
Jumapili, 14 Desemba 1969

Mpendwa mwanangu Delmar,

Goti lako linaendeleaje huko Seattle, na mvua inakuacha ukauke japo siku moja? Sisi tu wazima, ila mama yako mdogo Oleta ana kikohozi kisichosikia dawa. Mimi bahati imenipenda kuliko mtu yeyote Indiana: ni kocha msaidizi wa timu yetu ya mpira wa kikapu ya ligi mpya, nina suti ya kijivu, na akina mama wa kanisani wananipisha njia.

Barua yako nimeisoma. Unasema ligi mpya inakutaka uache ligi kubwa uje kwetu, na kwamba kama baba yako mdogo yuko benchi, utatia sahihi umefumba macho. Maneno hayo nimeyarudia mara tatu.

Sikiliza ya Ijumaa iliyopita. Tajiri wetu, Bwana Bramwell, katoka California, kazi yake kuuza mabwawa ya kuogelea. Akapanga mechi ya kwanza Ijumaa jioni. Nikamwambia Ijumaa hapa ni ya mechi za watoto wa sekondari, hata mchungaji hafungishi ndoa. Akanigonga bega: "Mzee, nani atatazama watoto na wakubwa wapo?"

Kokomo nzima, Delmar. Ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kwetu walikuja tisini, nusu yao na redio sikioni wakifuata mechi ya shule. Mama wa tiketi alituaga robo ya pili, mjukuu wake anacheza kule. Mchezaji wetu Lonzo, aliyeihama ligi kubwa kama unavyotaka wewe, alifunga pointi arobaini. Watu wakashangilia kikapu cha redioni.

Baada ya mechi alikaa anafungua kamba za viatu, hamalizi. Nikamtania agombee umeya. Hakucheka.

"Kule ligi kubwa nimewapigia simu, mzee," akasema. "Wameniambia aliyetoka ametoka."

Jana Bramwell karudi California kwenye mabwawa yake. Hakusema anarudi lini.

Nisalimie mkeo Nadine, na mwanao Everett mwambie aandike japo mstari. Mungu akulindie goti hilo, akuache kwenye benchi hiyohiyo ya Seattle unayoilalamikia.

Wako akupendaye,
Baba yako mdogo, Verlin

Tena, usitie sahihi kwa ajili yangu. Mimi si kocha. Mimi ndiye jogoo wa timu, yule anayevaa manyoya na kurukaruka pembeni mwa uwanja. Suti hakuna.