Wazee wa Barafu kwenye Sinia Moja

Jumapili, jioni. Joto limevunjika. Leo nimerudi kutoka kazini madirisha ya gari yako wazi, mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, na njia nzima ya mlimani kuja Amerat, mtaani kwetu, nimeimba. Mimi si mwimbaji. Waliokuwa kwenye magari ya pembeni wanaweza kutoa ushahidi.

Nimeshusha pumzi. Naandika haya bado nimejifunga mtandio na mkoba uko begani, maana nikijinyoosha tu nitalala.

Kwa wanaopita hapa kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kukusanya baridi za watu. Kuna kundi la wanasayansi wa nchi kadhaa wanaopima joto la ardhi ya kaskazini kabisa, ile iliyoganda mwaka mzima. Wao wanachimba na kupima, mimi hapa Maskati napokea namba zao na kuzichorea ramani. Shangazi zangu hawachoki kunicheka. "Barafu? Kwani friji huna?" Nimewaeleza mara nyingi kwamba ardhi ile ikiyeyuka inatoa gesi, gesi inaongeza joto, na joto hilo halihitaji viza kufika kwetu. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wananiuliza nitaolewa lini.

Sasa, ramani yangu ina tatizo. Kwa misimu kadhaa nusu yake imekuwa nyeupe, na nyeupe kwenye ramani yangu maana yake hatujui. Nchi za upande wa mashariki na nchi za upande wa magharibi ziligombana (ni nchi gani sisemi, hata mbuzi wa Amerat wanazijua), na wanasayansi wao wakakatazwa kupelekeana chochote, hata kupitia kwetu; nikabaki na namba za nchi nyengine tu. Mwaka huu wamelegezewa kidogo: kila upande unaruhusiwa kumpa namba zake mwenyeji, yaani sisi, ambao hatujagombana na mtu. Ndiyo maana kikao cha kundi kikaletwa Maskati. Na ikaamuliwa kwamba wakiondoka bila ya makubaliano, kundi livunjwe.

Ningebaki na nusu ramani maisha yangu yote.

Jumatano na Alkhamisi tulikuwa hotelini, na tulikwama kwenye jambo dogo mpaka naona aibu kuliandika. Nani aanze? Kila upande ulikuwa tayari kutoa namba zake, lakini baada ya wenzao. Profesa wa Mashariki, mwenye ndevu, alisema hawezi kutangulia. Profesa wa Magharibi, mwenye kipara, akasema yeye ndiyo kabisa. Na hawa wawili ni marafiki wa zamani! Nimeiona picha yao ya ujanani, wametoka kwenye hema moja katikati ya theluji, wameshikana mabega, wanacheka. Sasa wanazungumza kupitia mwenyekiti. "Mwenyekiti, naomba mwenzangu aelezwe kwamba..." Na huyo mwenzake amekaa hapo hapo, anasikia kila neno.

Alkhamisi jioni nikafanya jambo ambalo halikuwemo kwenye ratiba. Nikawaalika wote chakula cha Ijumaa nyumbani kwa Mama. Nilikuwa na mpango wangu. Ningewakalisha wazee wale karibu karibu, mimi katikati, nikawavuta taratibu. Nilijua nitasema nini kwenye wali na nini kwenye kahawa. Hata mzaha nilikuwa nimeshautayarisha.

Nikasahau kwamba kwetu wanaume wanakula majlisi, kwenye chumba cha wageni, na wanawake ndani.

Nyumba niliyokulia! Nimekaa na wageni sana mpaka nikasahau desturi ya mlango wetu wenyewe. Tulipofika tu, Mama akawapeleka wanaume majlisi kwa Nassor, mdogo wangu, na mimi akanirudisha ndani pamoja na wale wanasayansi wawili wa kike. Nikamwambia, Mama, mimi lazima nikae nao, hii ni kazi. Mama amezaliwa Unguja, amekuja huku bibi harusi, na sijawahi kuona mtu akimpindua.

"Kazi iko ofisini, mwanangu. Hapa kuna wageni. Hebu nkamatie hiyo achari."

Basi ikabaki kumtegemea Nassor. Nampenda ndugu yangu, lakini Nassor anauza magari Wattaya, na muuza magari hana swali analolionea haya. Nikamvuta jikoni nikampa masharti. Usiwaulize siasa. Usiwaulize vita. Usiwaulize mishahara, wala wake zao wako wapi. Akawa anaitikia "Sawa dada, sawa", macho yote kwenye nguru wa kupaka.

Kisha nikasubiri. Wale wageni wangu wa kike walikuwa wanakula kwa raha zao, mmoja ameshaanza kufundishwa na Mama kufinyanga tonge, na mimi macho yako mlangoni. Kila Nassor alipokuja kuchukua kitu nilimrukia mlangoni.

"Wanasemaje?"

"Wanakula."

"Wamekaa vipi?"

"Wale wazee wawili nimewaweka juu, pa wageni wa heshima, sinia moja."

Sinia moja! Umewezaje?

"Nimewauliza nani mkubwa."

Bakuli la kachumbari lilitaka kunitoka mkononi. Umri! Katika masharti yangu yote, umri nilikuwa sikuutaja. Nikamwambia, we Nassor, yule ni profesa, mgeni wa heshima, unamuuliza umri kana kwamba unamkatia bima ya gari? Akanishangaa kweli kweli.

"Sasa dada, ntajuaje nani anawe mwanzo? Kahawa nimpe nani mwanzo? Si mkubwa?"

Nikamuuliza walijibu nini. Akasema walitazamana kwanza. Mwenye ndevu akataja mwaka wake, mwenye kipara akataja mwaka huo huo, ikabidi Nassor aulize na mwezi. Mwenye ndevu kumbe kampita mwenziwe miezi kidogo tu. "Basi nkamwambia, khalas, wewe ndo mkubwa, anza. Kanawa, kaanza. Yule mwenziwe anacheka mpaka saa hizi."

Mama hakugeuka hata kutazama. "Mkubwa huanza," alisema. "Kuna ugomvi gani hapo?"

Nikabaki nimesimama na bakuli langu. Swali lilikuwa lile lile lililotukalisha hotelini siku mbili, bendera mezani, maji ya chupa, na kila mtu anaona kutangulia ni kushindwa. Majlisi kwetu kutangulia ni heshima, na mtu hakatai heshima.

Nassor alipokuja kuchukua halua akaniletea habari ya mwisho. Wanazungumza wao wawili, lugha hata haijui. Mimi nikajua ni ipi. Yule wa Magharibi alijifunza lugha ya mwenzake zamani, kwenye mahema, na hotelini hakuwa ametamka hata neno moja la lugha hiyo. Sasa wanaizungumza, wanacheka, na kahawa wanakunywa tu, kwa sababu hakuna aliyewaambia watikise kikombe wakitosheka, naye Nassor anamimina.

Niwe mkweli hapa, maana nisipokuwa mkweli hapa nitakuwa mkweli wapi? Niliona wivu. Nilitaka niwepo mimi. Nilitaka ijulikane kwamba ni mimi niliyewapatanisha, kwa mzaha wangu na mpango wangu, na kumbe nilikuwa ndani nashika achari. Mpaka leo sijui walisemezana nini. Pengine ni bora, ningekuwepo ningeingilia.

Walipoondoka, mwenye ndevu aliweka mkono kifuani kumshukuru Mama. Mimi hakuniambia kitu. Jumamosi, ambayo huku ni mapumziko, siku nzima nilikuwa natazama simu, nikasafisha friji (shangazi wangefurahi), nikatazama tena simu. Hakuna.

Leo asubuhi mwenyekiti hajamaliza hata kufungua kikao, mwenye ndevu akanyoosha mkono. Alisema, "Ijumaa nimeambiwa mimi ndiye mkubwa. Kwa hiyo tunaanza sisi."

Watu wakatazamana, wengi Ijumaa walikuwa masinia mengine na hawakuelewa. Mwenye kipara akaegemea kiti chake. "Na sisi tunafuata. Leo leo, tusingoje kesho." Safari hii alimwambia mwenzake moja kwa moja, mwenyekiti akabaki na kalamu yake mkononi. Mimi niliinamia karatasi zangu, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka yaingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Makubaliano yakatiwa saini kabla ya adhuhuri. Kundi halivunjwi. Kila upande unaniletea mimi, na mimi nawapa wote.

Mchana namba zikaanza kuingia. Nikajifungia ofisini, nikaziweka kwenye ramani kituo baada ya kituo, na ile nyeupe ikaanza kuondoka mbele ya macho yangu. Nilipiga ukelele. Mwenzangu wa chumba cha pili akaja mbio akidhani nimeanguka. Tazama, nikamwambia, imejaa! Akatazama. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mbona nyekundu yote?"

Nyekundu ni joto.

Nilikuwa nimefurahi kuiona imejaa, sikutazama imejaa nini. Wakati sisi tunabishana nani aanze, ardhi ile ilikuwa inapata joto kimya kimya, na sehemu nyengine joto limepita nilivyowahi kukisia. Nilikaa. Nikajaribu kusikitika na nikasikitika kweli, lakini furaha haikuondoka. Vimekaa vyote viwili kifuani, havigombani.

Mama akapiga simu kabla sijatoka ofisini.

"Eh, wamepatana?"

"Wamepatana, Mama."

"Alhamdulillahi. Na hiyo ardhi yao, haijambo?"

Aliuliza vile vile anavyouliza goti la jirani. Miaka yote hii hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia inaumwa, Mama. Inaumwa sana. Lakini sasa tunaona inaumwa wapi.

Akavuta pumzi. "Basi afadhali, mwanangu. Mficha maradhi..." Hakumalizia, kifo humuumbua, tunajua sote. Akaniambia nipite kwake nile, wali umebaki.

Nimepita, nimekula, ndipo nikarudi kwangu. Nassor naye alikuwepo, alitaka kujua kama wale wazee wanahitaji gari.

Leo nalala mapema, moyo mweupe. Kesho nitaanza kuogopa, na kwa mara ya kwanza nitakuwa najua naogopa nini.