Ukumbi Mzima Unacheka, Baba Yangu Hacheki

Mama Mkubwa mpendwa, shikamoo. Nimesoma majibu yako tangu niko shuleni na sikuwahi kufikiria kwamba iko siku nitakuandikia mimi, lakini maji yamenifika shingoni, kwa hiyo naomba msaada wako, unisikilize hadi mwisho, na ukiona nimekosea unigombeze tu, kuzomewa nimezoea.

Kazi yangu ni kuchekesha watu, na siku hizi nasema hivyo kifua mbele, maana zamani nikiulizwa nafanya kazi gani nilikuwa namung'unya maneno. Nilianza kwenye harusi, nasimama katikati ya meza na kipaza sauti kinachokoroma, watu wanakula na kuitishana chumvi, na mimi nachekesha migongo yao, lakini leo watu wananunua tiketi, wanapanga foleni, wanazima simu zao wenyewe, na wakicheka viti vya ukumbi vinalia, na nikisikia viti vile najua nimefika hapa kwa jasho langu, sikubebwa na mtu. Nipe watu walionuna, nipe hata walionuniana wao kwa wao, halafu kaa pembeni utazame.

Anayewavunja mbavu zaidi ni mtu mmoja ninayemwigiza, anaitwa Bwana Geti, mlinzi wa geti la hospitali. Navaa koti kubwa la buluu, mfuko huu filimbi, mfuko huu tochi, nakaza uso, natoa sauti ya puani. Bwana Geti hata akiwa kwake bado yuko zamu. Wageni wakikaa sana sebuleni anapuliza filimbi na kutangaza kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Mchumba wa binti yake akija kujitambulisha anamsimamisha mlangoni, anamuuliza mgonjwa wako ni nani, yuko wodi gani, na humo kwenye chupa umebeba nini. Hapo watu wanakuwa hoi.

Sasa Mama Mkubwa, Bwana Geti ni baba yangu mzazi. Alilinda geti la hospitali mpaka alipostaafu, na karibu yote ninayosema ni kweli tupu, mume wangu mwenyewe siku ya kwanza alifunguliwa begi mlangoni na chupa yake ya chai ikanuswa. Lakini watangazaji wakiniuliza nimemtoa wapi mtu huyu, najibu kwamba nimemtunga tu kichwani, kwa sababu sikutaka baba anyooshewe kidole akienda dukani.

Kilichonitoa usingizi ni kaka yangu mkubwa. Yeye anafanya kazi kwenye ofisi ya bima, mambo ya tai na milango ya vioo, na juzi alipokuwa anaingia kwenye lifti mwenzake akapiga mluzi akamuuliza anakwenda wodi gani, lifti nzima ikaangua kicheko. Kumbe mtu wa mtaani kwetu alishawaambia. Kaka akaitisha kikao nyumbani kwa baba, akanisema kana kwamba simo chumbani, kwamba nimemvua baba nguo hadharani, kwamba baba alisimama juani kutusomesha na mimi namgeuza kikaragosi. Baba alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Kaka akatoa simu, akampa atazame kipande chote. Baba alitazama mpaka mwisho bila hata kukunjua uso, akarudisha simu, akasema, "Koti lile lilikuwa na mifuko mitatu." Akanyanyuka akaenda nje kumwagilia maua.

Sisi wachekeshaji tunajua kitu kimoja tu, mtu akicheka umepatia, asipocheka mzaha umekufa na kaburi lake unalichimba ukiwa umesimama. Wiki iliyofuata nilimpelekea dawa zake, nikakuta lile koti lake la kazi, lenyewe hasa, limetundikwa kwenye kiti ninachokaaga, limefuliwa, limepigwa pasi, na kifungo kilichokuwa hakipo kimeshonwa. Akaniambia, "Hilo lako." Basi. Nikaelewa ananiambia umeshachukua kila kitu, malizia na hili. Halafu akaanza kuniuliza kama ule ukumbi ninaofanyia una geti au mlango tu, nani anasimama pale, na watu wanaanza kuingizwa saa ngapi, nikaona sasa ananisimanga, nikaaga haraka na koti nikaliacha pale pale.

Mwisho wa mwezi kuna jioni maalumu, wachekeshaji watatu tutaketi jukwaani bila kuigiza, tutaulizwa tulivyoanza kazi hii na kicheko tunakitoa wapi. Kaka amesema nisipotangaza siku hiyo kwamba nimemwacha Bwana Geti na nimeiomba familia radhi, nisikanyage kwake. Je, nimwache? Nikimwacha nabaki na nini? Baba nampenda, Mama Mkubwa, nisingempenda nisingeijua hata ile sauti yake ya puani. Nikitoka shule nilikuwa namsubiri pale getini, pamoja na watoto wa watu ambao hawakuruhusiwa kuingia wodini, na alikuwa anatugawia peremende ili wasilie mama zao wakiwa ndani. Nisaidie, sitaki kumpoteza baba na sitaki kuipoteza kazi niliyoijenga kwa mikono yangu.

Ni mimi, Nimekwama Getini.

MAMA MKUBWA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na hongera, maana naona hakuna mtu kwenu aliyekumbuka kukupa. Bwana Geti nimemwona kwa macho yangu, nilinunua tiketi kama watu wengine, na nilicheka mpaka jirani yangu kwenye kiti akaniuliza kama natumia dawa za moyo. Kumfanya mtu aliyechoka asahau uchovu wake ni kazi, tena kazi ya heshima, na asikudanganye mtu mwenye tai. Najivunia wewe na wala hatujuani.

Haya, pongezi zimeisha. Sasa kaa vizuri.

Wewe umezoea kupima watu kwa kicheko, ndiyo maana baba yako amekupita pembeni. Fikiria kazi aliyofanya. Kila aliyefika pale alikuwa na hadithi ya kumlainisha, huyu anachekesha, yule analia, wote wanataka kupenya nje ya muda. Angecheka mara moja tu, geti lingekuwa njia ya kila mtu. Ule uso umekuwa hivyo kwa kazi, na wewe unaujua kuliko mtu yeyote, unauvaa jukwaani unalipwa. Alipokutazama nao wewe mwenyewe, ukakimbia. Aibu iko hapo.

Hebu niambie, mtu aliyevuliwa nguo hadharani anahesabu mifuko? Aliyeudhika angesema ondoa upuuzi huu mbele yangu. Baba yako alitazama mpaka mwisho, kisha akakusahihisha. Bwana Geti wako ana mfuko wa filimbi na mfuko wa tochi. Na zile peremende alikuwa anaziweka wapi? Mwenyewe umeziandika mwishoni, mbiombio, kama mtu anayefuta meza. Sijui kwa hakika, kamuulize, ila mimi naona mzee anakwambia kwamba umemwigiza nusu. Umechukua ukali wote na huruma ukaiacha getini. Kisha akakufulia koti, akalipiga pasi, akashona kifungo, akakwambia ni lako. Mwanangu, hakuna mzee anayepiga pasi lawama.

Kuhusu kaka yako, amekosea mengi lakini amekugusa penye ukweli mmoja bila kujua. Unauambia ulimwengu kwamba baba yako umemtunga. Redio na yeye anayo. Kama kuna neno lililomchoma, ni hilo, si filimbi. Uliogopa wasimnyooshee kidole, ukaishia kumficha, na anayefichwa hudhani anaonewa aibu. Kaka yako nenda ukamsalimie, ni mkubwa wako na amesema kwa mapenzi ingawa kwa mdomo mbaya, lakini masharti yake mwachie mwenyewe. Wa kuamua kuhusu Bwana Geti ni mwenye koti, na mwenye koti ameshaamua.

Kwa hiyo usimwache. Fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwa baba yako. Akikuhoji mlangoni, jibu kwa adabu, yuko kazini. Chukua koti, livae mbele yake, tia mkono kwenye mfuko wa tatu umuulize kilikuwa kinakaa nini. Muulize pia ni kipande gani hakipendi, na akikitaja kitoe bila ubishi, hata kama ndicho kinachobomoa ukumbi. Muombe ruhusa ya kumtaja. Akikubali, siku ile wakikuuliza kicheko unakitoa wapi, sema kwa baba yangu, halafu nyamaza, usitie mzaha, waache watu wamtazame. Na asipocheka usiku mzima, usithubutu kumuuliza kwa nini.

Mwisho, rudia maswali yake. Kuna geti? Nani anasimama pale? Wanaanza kuingiza saa ngapi? Ulisikia masimango. Mimi nasikia mtu anayetaka kuja ambaye hajaambiwa karibu. Mzee huyo ameruhusu watu waingie maisha yake yote, na yeye mwenyewe si wa kupita bila kibali. Kwako pia hatapita hivyo. Nenda kamfungulie.