Picha Uliyoniamuru Niichome

Baba yangu,

Shikamoo. Huenda leo usiniitikie, maana naanza na la kukuudhi: picha yako ya kwanza nimeipata, na sijaichoma. Sitaichoma. Nakwambia mapema ili usiisome barua hii ukitumaini kwamba mwishoni nitatii. Na ninaiandika waziwazi, wasome na wengine, kwa sababu jambo hili limefichwa vya kutosha.

Nimeipata Malindi, kwenye nyumba ya wageni ya Bi. Zena, nilikoitwa kuandika jina la nyumba juu ya lango. Kazi yangu bado ni ile ile, nawaandikia watu majina: maduka, vinyozi, shule, makanisa. Niliomba ngazi, nikaambiwa iko stoo. Humo nikakuta viti vilivyovunjika, godoro, feni mbovu, na nyuma ya feni fremu iliyogeuziwa ukuta. Kabla sijaigeuza nilishajua ni yako. Niliuona mshono.

Mshono wa Mama, Baba. Kitambaa cha mericani hakikutosha upana, kwa hiyo kila picha yako Mama aliiungia vipande viwili kwa cherehani yake, na mshono ukapita katikati ya mbingu. Wewe ukaufunika kwa wingu refu, jembamba, lililonyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Picha zako zote zina wingu hilo. Nilipokuwa mdogo nilidhani mbingu ya kwetu Ganze ndivyo ilivyo, na nilikuwa nikitoka nje kulitafuta.

Nikaigeuza. Rangi za mafuta zilikuwa zimepasukapasuka na chumvi ya Malindi imekula pembe moja. Lakini ni nyumbani. Njia nyekundu, ghala la mahindi, mkorosho, nyumba ya Bibi ya makuti. Miti yako ya wakati ule, unisamehe, ni mifagio iliyosimamishwa. Mbuzi ana miguu ya meza. Ulikuwa kijana na mkono ulikuwa bado haujakubali. Ila pale kati ya mkorosho na ghala kimesimama kigango cha Babu, na hicho ulikijua. Kila pembetatu ya nakshi iko mahali pake, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kitambaa kimefungwa shingoni, na hata ufa mdogo kwenye bega la kushoto umeuchora. Na chini kabisa, kwa herufi za mtu anayejivunia: KAZUNGU WA GANZE.

Nilikaa chini kwenye stoo ya watu nikalia kwa sauti, mpaka Bi. Zena akaja mbio akishikilia leso yake.

"Una nini, mwanangu? Umeanguka?"

"Picha hii imetoka wapi, Bi. Zena?"

"Hiyo? Niliikuta humu humu siku niliponunua nyumba. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mzungu, alishaenda kwao zamani. Mimi hainipendezi. Hilo gogo lanikodolea macho, ndiyo nikaligeuza."

"Si gogo. Ni babu yangu."

Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Basi mchukue babu yako," akasema. "Mtu hawekwi stoo."

Wasiojua mila za kwetu wanielewe. Mzee wa heshima akifariki, aliyekuwa mmoja wa wazee wa Gohu, chama cha wakubwa wetu, huchongewa kigango, mti wenye kichwa na mabega na nakshi zake mwenyewe, ukasimikwa bomani. Hapo ndipo anapokaa. Anamwagiwa tembo la mnazi, anasalimiwa, anaelezwa habari za watoto. Hauhamishwi. Nakshi za mzee mmoja si za mwingine, kama vile uso wa mtu si wa mwenzake.

Unakumbuka yule kuku? Nilikuwa bado sijaanza shule. Wewe ulikuwa barazani unachora boma letu, kama ulivyolichora kila mara, na kati ya mkorosho na ghala ukaacha ardhi tupu. Mimi nikaona umesahau. Ulipoingia ndani kunywa maji nikachovya kidole kwenye rangi, nikakusaidia kwa kuku mmoja mnene. Uliporudi hukunigombeza. Ulichukua tambara lenye mafuta ya taa ukamfuta kuku wangu polepole mpaka udongo ukabaki mtupu tena.

"Hapo pana wenyewe," ukasema.

Nikauliza wako wapi. Ukasema nenda kamsaidie mama yako.

Mimi nilikuja kuambiwa na watu wengine, na kwa ubaya. Nilikuwa kwenye foleni ya maji, wasichana wakubwa wakanisukuma nyuma, mmoja akasema binti wa Mwonyeshaji atangoja. Ndilo jina walilokupa. Nikarudi na ndoo tupu nikilia, nikitaka ukawachape. Ukaniambia, "Usigombane nao, Sidi. Wasema kweli." Baba, katika yote uliyowahi kuniambia, hilo ndilo nililolichukia, na bado nalichukia.

Pale hospitali Kilifi ndipo ulipotueleza mwenyewe, mimi na kaka Karisa, ukiwa umebaki mifupa na macho. Kwamba picha ya kwanza uliyoona imefaa kuuzwa uliipeleka Malindi, ukaiandika jina lako na jina la kwenu kwa raha ya ujana. Kwamba baadaye, ukiwa huko huko Malindi unatafuta kazi, wageni walikuja Ganze wakiuliza nyumbani kwa Kazungu mchoraji ni wapi. Watoto wakawaonyesha njia. Bibi akawakaribisha uji. Wakazunguka boma, wakasifu, wakaaga. Na asubuhi moja watu wakaamka wakakuta kigango kimekatwa kwa msumeno, kimebaki kisiki tu, na Bibi amekaa chini kando yake hataki kuinuka. Mvua ilipokosa mwaka ule, wakasema ni kwa sababu yako. Ilipokosa mwaka uliofuata wakasema tena. Tangu hapo hukuandika jina lako kwenye picha yoyote.

"Ikionekana popote, ichomeni," ukasema. "Mimi ndiye niliyewapa wezi njia. Niahidini."

Karisa aliahidi. Mimi nilinyamaza, ukadhani kunyamaza kwangu ni kukubali. Sikukubali, Baba. Nilikosa tu moyo wa kubishana na mgonjwa.

Basi nikaileta Kibarani ninapokaa, nikampigia Karisa simu. Alikuja moja kwa moja kutoka ofisini, shati limechomekwa vizuri, mkononi ana kiberiti na chupa ya mafuta ya taa. Hata hakuketi.

"Wosia wa baba ni wosia," akasema.

"Wewe ndiye uliyeahidi. Nenda kachome picha yako."

"Sidi, unataka laana?"

"Laana gani tusiyokuwa nayo? Babu hana mahali. Baba amekufa akijiona mwizi. Na wewe hupiti Ganze mchana usije ukasalimiwa kwa lile jina. Imebaki ipi?"

Akaizunguka picha, akaiinamia. Nilimwona akikitazama kigango, maana naye hakuwahi kukiona. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi angalau funika hili jina. Si wewe fundi wa rangi?"

"Mimi huandika majina," nikamwambia. "Sifuti."

Hatukuelewana. Tukaamua kwenda Ganze kwa Mama, kila mmoja akiamini Mama atakuwa upande wake.

Mama hakuangalia miti wala mbuzi. Alipitisha kidole juu ya wingu lako, kutoka pembe hii mpaka ile, akapapasa palipo na uzi. "Hapa nilikuwa na mimba yako, Karisa," akasema. "Tumbo likagonga cherehani, mshono ukapinda. Tazameni." Kweli umepinda, na wingu limepinda nao. Hukuurekebisha, uliufuata.

Karisa akamkumbusha ulivyosema hospitali. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nguo niliishona mimi," akasema. "Lini baba yenu aliniuliza kama nami nataka ichomwe? Weka kiberiti chako, mwanangu. Moto ninao jikoni. Nikitaka kuchoma nitachoma mwenyewe."

Karisa akakiweka mfukoni. Nilitaka kucheka lakini niliogopa Mama angenigeukia na mimi.

Sasa nikueleze kwa nini sikutaka tu kuitunza. Unajua wazee walivyosema baada ya wizi: kigango kingine hakiwezi kuchongwa, kwa sababu fundi ameshakufa na nakshi hakuna anayezikumbuka, na kumchongea mtu kwa kubahatisha ni kumwita kwa jina la mwingine. Kwa hiyo Babu akabaki kisiki. Na muda huo wote nakshi zake zilikuwa zimekaa Malindi nyuma ya feni, umezitunza wewe. Wewe uliyedhani umezipoteza.

Nikaibeba picha mpaka kwa baba mdogo Charo, ambaye ndiye mkubwa bomani sasa. Nikamkuta na wazee wenzake na fundi Nyale, anayechonga vigango kama marehemu babake. Kabla sijafungua leso niliyoifungia, baba mdogo akainua mkono.

"Mambo ya vigango si ya wanawake, Sidi. Unajua."

"Najua, baba mdogo. Sikuja kuchonga. Nimekuja kuonyesha."

Neno hilo walilisikia wote. Nililisema makusudi, nikiwatazama usoni, maana baadhi yao ndio waliokubandika lile jina. Nikafungua leso nikaisimamisha picha mbele yao. Baba mdogo alivua kofia. Alipokiona kigango mara ya mwisho alikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi.

Fundi Nyale ndiye aliyesogea. Alitazama nakshi kwa muda mrefu, halafu kidole chake kikaenda kwenye bega la kushoto.

"Ufa huu ni wangu," akasema. "Niliangusha tezo ya baba juu yake, nikapigwa kofi nililosikia mpaka jioni." Akaanza kucheka, na machozi yakimtoka. "Kazungu aliuchora! Kazungu aliniona, huyu!"

"Unaweza kukichonga?" baba mdogo akauliza.

"Kwa hii naweza hata nikiwa kipofu."

"Na ufa?"

"Ufa nitautia. Ukikosekana si yeye."

Kimeshasimama, Baba. Si mti ule wenyewe, sijidanganyi. Ule uliuzwa, uko kwenye sebule ya mtu mahali fulani, na aliyenao anajua haukukatwa kwake. Siku akiona picha hii atajua na sisi tunajua. Lakini Babu ana mahali tena. Shimo alilichimba Karisa, shati limechafuka mpaka kola. Alipomaliza akajipangusa, akaniambia, "Baba atakasirika."

"Na akasirike," nikamjibu. "Sasa ana pa kuja kukasirikia."

Baba mdogo akamwaga mnazi, akamsalimu Babu, akamweleza habari za miaka yote hiyo. Alipofika kwako akakuita Kazungu. Hakukuita lile jina lingine.

Picha iko nyumbani kwa Mama, ukutani, inatazama mlango, na jina lako liko wazi. Karisa bado anaona tungeificha. Mimi nimekwenda mbali zaidi ya hapo, na hili nalo likuudhi: nimeichora upya, kubwa, kwenye ukuta wa karakana yangu Kibarani, upande wa barabarani. Njia nyekundu, ghala, kigango, na KAZUNGU WA GANZE kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Miti nimekuchorea vizuri zaidi, usinune. Wingu nimelipindisha pale pale lilipopinda. Watu wanasimama wanauliza, nami nawaeleza kila kitu, pamoja na msumeno. Waliokiiba walitegemea tuone haya. Walitegemea tuulizane sisi kwa sisi nani aliwaonyesha njia, tusahau kuuliza nani alishika msumeno. Wewe uliwasaidia, Baba. Uliibeba aibu yao mpaka kaburini kana kwamba ni mali yako.

Mimi siibebi. Kijana aliyechora kwao akaandika jina lake hajaiba kitu. Uliipenda nyumbani ukataka ijulikane, basi. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ungemwambia hivyo hivyo, ukampa na brashi nyingine.

Nina hasira nawe, na nimekukumbuka sana, na hivyo viwili havigombani ndani yangu. Nakumbuka harufu ya mafuta ya taa mikononi mwako wakati wa kula. Nakumbuka ulivyonishika kidole ukanifundisha kuvuta mstari bila kupumua. Nakumbuka picha zile zote ulizoacha udongo mtupu katikati, na mimi nikidhani umesahau. Hukusahau hata siku moja. Ulikuwa unajitoa kwenye boma la kwenu.

Jumapili niliyokuwa Ganze nilikaa barazani ulipokuwa ukikaa, nikatazama pale kati ya mkorosho na ghala. Kuku wa Mama walikuwa wanaparura chini ya kigango. Kuku wa kweli, wanene, na hakuna aliyewafukuza.

Hapo pana wenyewe, ulisema. Kweli, Baba. Na wewe ni mmoja wao.

Lala salama, hata kama umenuna.

Mimi ni binti yako,
Sidi, binti wa Mwonyeshaji