Kwa Shangazi Aliyemwinua Bibi Kitini

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Musoma ukiwa mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi hapa Kirumba hatujambo. Mwalimu wetu ametutaka kila mmoja amwandikie mtu aliyemtendea wema, na barua zitasomwa mbele ya darasa. Kwa hiyo usishangae nikikusimulia mambo yaliyotokea wewe mwenyewe ukiwepo. Wenzangu hawakuwepo, nami nataka waelewe kwa nini nimekuchagua wewe.

Utakumbuka ulivyotukuta. Bibi alikuwa ameanguka wakati wa masika, kwenye ngazi za mawe nyuma ya nyumba, alipotoka kumwaga maji ya kuoshea samaki. Hospitalini walisema mfupa haukuvunjika, akae apumzike mpaka maumivu yaishe. Maumivu yaliisha, lakini kupumzika hakukuisha. Baba ni seremala, na anampenda mama yake kuliko kitu chochote. Alimtengenezea kiti cha mvule chenye mikono mipana na mgongo wa kuegemea, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama sahani. Mama alimletea Bibi maji ya kunawa hapo hapo kitini, na chakula hapo hapo. Hata uani alimpeleka yeye, amemshika kwapani. Majirani walisema huyo ndiye mkwe, na Baba ndiye mtoto wa kuzaa. Mimi niliona fahari kuwa wa nyumba ile.

Bibi peke yake hakuwa na furaha. Siku moja aliniambia kwa sauti ndogo, Mama asisikie, "Mjukuu wangu, natamani kitu kimoja tu. Kwenda uani peke yangu na kurudi peke yangu." Lakini alikuwa ameanza kuiogopa sakafu. Akisimamishwa, magoti yalimtetemeka. Alianguka tena akijaribu kufikia kikombe kilichokuwa karibu kabisa naye, na baada ya hapo Baba alikataza asiinuke bila kushikwa.

Ndipo ulipokuja na meli kututembelea. Jioni ile ulimwogesha mwenyewe, mimi nikishika ndoo. Ulitazama mapaja yake yalivyonywea. Kisha ukamfuata Baba kwenye kibanda chake cha kazi.

"Kaka, mama anaumwa nini?"

"Haumwi. Anapumzika."

"Amechoshwa na nini?"

Baba aliendelea kupiga randa. "Umefika leo tu, tayari una maneno."

Usiku ule nilikuuliza kwa nini umekasirika. Ulinijibu kwamba hukukasirika, bali umeogopa. Ukanieleza habari za baba mkwe wako. "Tulimheshimu mpaka akashindwa kusimama," ulisema. "Kila kitu tulimfanyia. Alipotaka kutoka nje kuota jua, miguu haikuwepo tena. Akafia kitandani, na kichwa chake kizima kabisa." Nikakuvutia blanketi, Shangazi.

Asubuhi ukatoa amri ambayo mtaa wetu haukuwahi kuisikia. Kila atakayeingia na kumwamkia Bibi, Bibi asijibu mpaka amesimama. Na asijivute kwa mikono.

"Mikono niiweke wapi basi, kichwani?" Bibi aliuliza.

"Kifuani, mama. Sogea mbele kidogo, inama, uinuke kwa miguu."

Wa kwanza alikuwa Hamisi, mtoto wa jirani, aliyetumwa kuomba moto. Alisema shikamoo akasimama anashangaa, maana jibu halikuja. Bibi alimtazama. "Yaani niinuke kwa ajili ya huyu? Hata kamasi hajafuta." Lakini aliinuka. Mara ya kwanza alirudi kukaa kabla hajafika juu. Mara ya pili akafika, wewe ukiwa umesimama karibu naye bila kumgusa, akasema "Marahaba" huku anahema.

Majirani walisema sana. Kwetu mtoto ndiye anayeinama, mkubwa anajibu alipo. Mmoja wao, Mama Zuhura, alikuja mlangoni kushuhudia, akasema, "Jamani, leo mzee anamwinukia mtoto. Kesho si atamwamkia?" Ukamjibu, "Wewe mwamkie tu, dada, tunahitaji watu." Akacheka, akaamkia, Bibi akainuka.

Watoto walipogundua mchezo huo walikuja makundi kwa makundi. Bibi aliwafokea, "Nyie si mlikuja asubuhi?" Wakamjibu, "Ile ilikuwa ya asubuhi, Bibi. Hii ni ya mchana." Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika kumsikia akicheka mpaka anafuta machozi. Ukamwongezea na mengine. Alichambua mchele amesimama kando ya meza, na alipochoka alikaa, akasimama tena. Alibeba kikopo cha maji kutoka mtungini badala ya kuletewa. Nami ulinipa kazi ya kufagia maranda ya Baba yasizagae njiani.

Lakini Baba hakucheka. Siku moja magoti ya Bibi yaliachia, akaanguka kitini kwa kishindo. Baba alikuja mbio na msumeno mkononi.

"Basi," alisema. "Unanidhalilisha mtaani. Watu watasema nimeshindwa kumtunza mama yangu."

"Watasema anatembea," ulimjibu.

"Na akivunjika nyonga, utakuwa wewe wa kumwuguza, nawe uko Musoma?"

Kesho yake uliondoka. Baba hakukuaga vizuri, na mimi nililia chooni ili mtu asinione.

Kitu usichokijua ni hiki. Asubuhi iliyofuata Hamisi alikuja kama kawaida akaamkia. Sote tulimtazama Baba. Baba akasema kwa upole, "Kaa tu, mama." Bibi akaweka mikono kifuani, akasogea mbele, akainuka mpaka juu. "Marahaba, mwanangu," alimwambia Hamisi. Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe, nenda kazini." Tangu siku hiyo hakuna aliyemkataza tena.

Siku ya uhuru, wageni walijaa kwetu mchana kutwa, na kila mmoja alimwamkia Bibi. Mama alihofia kwamba atachoka, akataka kufunga mlango. Bibi alisema nchi nzima imesimama, yeye hawezi kubaki amekaa.

Sasa hivi anakwenda uani peke yake. Anakwenda mpaka kwa Mama Zuhura, nasi tunamwita arudi ale. Shuleni tumefundishwa kwamba misuli ikiachwa hunywea, na ikitumiwa hurudi hata kwa mtu mzima, polepole. Mwalimu alipoandika hayo ubaoni nilitaka kusema kwamba nilikwisha kuyaona kwa macho yangu, lakini niliona haya. Nasema sasa. Nikijaliwa kuendelea na masomo, ningependa kuwa muuguzi, na nijifunze kusimama karibu na mtu bila kumshika, kama wewe. Nimejaribu kwa Bibi. Ni vigumu kuliko kushika.

Asante, Shangazi. Asante kwa kuvumilia maneno ya mtaa, na kwa kumpenda mama yako kwa namna iliyokuletea lawama.

Nimebakiza habari moja. Wiki iliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri. Bibi alikuwa anatoka uani, amejifunika khanga kichwani, na pale kwenye ngazi zile zile za mawe mguu ukateleza. Baba alikuwa kibandani, mimi jikoni, na wote wawili tulimwona, lakini tulikuwa mbali mno. Bibi aliyumba. Mguu wake wa pili ukatangulia haraka, ukakanyaga chini kwa nguvu, goti likapinda likamkamata. Akabaki amesimama kwenye mvua, mkono mmoja ukutani. Kisha akainama, akaokota khanga yake iliyoanguka, akainuka mwenyewe, akaingia ndani akilalamika kwamba imelowa.

Baba alikuwa bado mlangoni pa kibanda, ubao wake begani. Jana jioni alinikuta naandika barua hii, akauliza ni ya nani. Nilimwambia. Akakaa kando yangu, akatazama karatasi ingawa hakuisoma.

"Mwandikie shangazi yako kwamba mama aliteleza," alisema.

"Halafu nimwambie nini, Baba?"

"Mwambie hakuanguka. Mwambie nimeona mwenyewe."

Akutakiaye afya na maisha marefu,

Binti wa kaka yako