Mjomba ameniahidi ubongo wake, nyumbani hawajui

Mama Albertine, kila wiki nakusoma na kucheka matatizo ya wenzangu, sasa zamu yangu imefika na kicheko kimeniisha, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa mtaa wa Katuba, na kazi yangu ni utafiti wa ubongo, watu wakisikia hivyo wanadhani natibu wendawazimu, hapana, mimi nachunguza seli za ubongo na jinsi zinavyopelekeana habari, hasa zile zinazouwezesha mkono kuanza kusogea na kusimama pale unapotaka usimame, na miaka yote hii nimefanya kazi na panya wa maabara wanaovutishwa moshi wa kuchomelea vyuma, kwa sababu ndani ya moshi ule mna madini ya manganizi, nami nataka kujua kama inaua seli zile zile zinazokufa kwa wagonjwa wa Parkinson au inaua majirani zake, maana kwa nje wote wanatetemeka na kukakamaa, lakini ndani huenda si ugonjwa mmoja na dawa ya huyu isimfae yule. Panya wamenionyesha mengi, ila panya si fundi wa Katuba. Ili nipate jibu nahitaji kuona ubongo wa mtu aliyechomelea maisha yake yote.

Mtu huyo ninaye nyumbani. Ni kaka wa marehemu mama yangu, Tonton Bwalya, ndiye aliyenilea, na milango ya chuma ya mtaa wetu mingi ni kazi ya mikono yake, lakini leo mikono hiyo haiwezi kushika kijiko, anatembea kwa kuburuta miguu, uso umekauka hata akifurahi hujui, na sauti imepungua hadi uweke sikio mdomoni kwake, na mle ndani mimi peke yangu ndiye ninayemwelewa vizuri, kwa hiyo akisema neno mimi ndiye ninayewaambia wengine amesema nini.

Mwaka jana tulikuwa wawili uani, namkata kucha, akanishika mkono akasema, "Mupwa, weye unafungulaka bichwa ya bapanya. Mi nikikufa, ufungule na yangu. Uangalie ni nini ilinikula." Nikamwambia, "Tonton, usiseme vile." Akasema, "Nasema. Mu udongo itanisaidia nini?" Nikakubali, nikamaliza kucha.

Sasa, Mama Albertine, badala ya kwenda kumwambia mke wake, Mama Céline, au Mwelwa, mtoto wao mkubwa ambaye amerithi karakana ya mzee na anachomelea pale pale alipokuwa akichomelea baba yake, mimi nilikwenda kuwaambia wenzangu wa utafiti, wa hapa na wa Ulaya, wakafurahi mno, mradi ukapita, nikawekwa kuwa kiongozi wake, na friji ya baridi kali ya kuhifadhia ubongo imeshafika na imefungiwa umeme wa jua ili isizimike, kila kitu kiko tayari isipokuwa familia.

Na siwezi kuwaambia, kwa sababu nilikuwepo kwenye kilio cha jirani yetu, wazee waliomwosha marehemu aliyeletwa kutoka hospitali walipotoka wakisema, "Bamemufungula," yaani wameona mshono mwilini, na watu wakaamini ameuzwa vipande vipande, mawe yakarushwa, muuguzi wa watu aliyeuleta mwili akakimbia bila viatu, na Mwelwa alisimama karibu yangu akaniambia kwa utulivu kabisa, "Muntu mwenye atagusa kichwa ya baba yangu, nitamuzika pembeni yake." Tangu siku hiyo mdomo wangu umefungwa. Mama Céline naye ameanza kunishuku, juzi aliniuliza mbele ya wageni, "Juu ya nini unamuangaliaka vile? Iko sawa weye unamupima nguo," kana kwamba mimi ni fundi wa sanda.

Ana haki ya kuuliza, na hapa ndipo penye jambo lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita mjomba alipaliwa na uji, pumzi ikakatika, macho yakamtoka, Mama Céline anaita majina ya Mungu, Mwelwa anampiga mgongoni, na mimi nimesimama na bakuli mkononi, na wazo la kwanza lililonijia, naona aibu kuliandika, lilikuwa la friji, kwamba mwenye ufunguo amesafiri. La pili ndilo lililosema huyu ni mjomba wako. Uji ukatoka, akapumua. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika, na tangu hapo akinigeuzia macho mimi natazama ukuta.

Nikisema sasa, nani ataamini ni ombi lake na si langu, wakati mimi ndiye mdomo wake? Nikinyamaza mpaka afe, nitauchukuaje ubongo wake bila kuiba? Nikiacha, nitakuwa nimemnyima kitu pekee alichowahi kuniomba, na kazi yangu nayo imekwisha. Na wakiniita mchawi, Mama Albertine, watakuwa wamekosea?

Mimi mpwa, Katuba

Mama Albertine anajibu

Mwanangu, pole, na kweli umeelemewa. Nianze na hilo la friji ili tuliweke pembeni. Mtu anayeishi na kazi usiku na mchana, kazi humrukia hata pasipostahili. Ulishtuka, ukaugua kwa aibu. Mtu mwovu angerudi kumalizia uji wake. Wewe si mchawi, na usiniulize tena.

Lakini kugombezwa utagombezwa. Watu wa Ulaya wanajua mjomba wako atafanywa nini siku ya kufa kwake, na mwanamke aliyezaa naye, anayemgeuza kitandani kila siku, hajui. Ulianza na wenye friji ukaacha wenye mgonjwa. Halafu unashangaa Mama Céline anakushuku. Huyo mama ana macho mazuri, mimi ningekushuku mapema zaidi.

Unasema hakuna atakayeamini kwa sababu wewe ndiye mdomo wake. Basi acha kuwa mdomo wake kwa siku moja. Mwombe daktari anayemtibu aje nyumbani, saa ile dawa inapofanya kazi na sauti inapotoka kidogo, na saa hiyo unaijua. Wakae Mama Céline, Mwelwa na ndugu zake, na wawepo wale wazee watakaomwosha, maana mshono watauona wao, na hawapaswi kuujua wakiwa wameshika maji. Daktari ndiye amwulize. Wewe kaa nyuma, ufunge mdomo. Sauti ikigoma, aubonyeze mkono wa mkewe kuonyesha ndiyo. Na daktari aligeuze swali, amwulize pia kama anataka kuzikwa na kichwa chake kizima, ili kila mtu aone hajibu ndiyo kwa kila kitu. Mwaka mzima umepita tangu ulipomkata kucha. Huenda amebadili mawazo, nawe hukurudi kumwuliza kwa sababu hukutaka kusikia.

Akikataa, imekwisha. Akikubali yeye na Mama Céline akakataa, waachie wenyewe chumba wazungumze, wala usiingie kumshawishi. Ikibaki hapana, waandikie wenzako kwa mkono wako kwamba ubongo haupo. Watanuna. Watapona.

Wakikubali wote, bado wewe huugusi. Hukati, hupokei, huangalii kwenye hadubini. Uende kwa watafiti wengine, na uongozi wa mradi uwaachie. Najua hapo nimekuchoma, miaka yote ya panya na mwishoni jibu akalione mwingine. Lakini siku ile nafasi yako ni kwenye mkeka pamoja na wanawake wa nyumba yenu, unalia kama mpwa anavyomlilia mjomba, na mtu haketi pale huku anasubiri mzigo wake kazini.

Sasa nikuambie kilichonikasirisha. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mstari mmoja, sikuuona. Unajua moshi ule una nini. Umewaona panya wakitetemeka. Na Mwelwa anasimama ndani ya moshi huo huo, kwenye karakana ile ile, wakati wewe unapita kwenda kumsalimia baba yake. Hukuandika popote kwamba ulimwonya. Nadhani najua sababu. Ukianza kueleza moshi, itabidi ufike kwenye kichwa cha mzee, kwa hiyo umeona heri usianze. Umetunza siri ya anayeondoka kwa gharama ya mapafu na ubongo wa anayebaki.

Kumwambia avae maski ya kazi, atoe mashine nje kwenye hewa, asichomelee tena amejifungia ndani, hakuhitaji ubongo wa mtu yeyote. Hakuhitaji hata mradi. Kulihitaji dakika chache za shangazi yeyote mwenye mdomo, na wewe umesoma kuliko mashangazi wote wa Katuba.

Kwa hiyo fanya hivi. Kikao cha familia kiwe Jumapili hii, wala si baada ya sikukuu wala daktari atakapopata nafasi, kwa sababu wewe umekuwa ukisubiri kifo, na kumbe kinachoisha kwanza ni sauti. Lakini Mwelwa usimngojeshe mpaka Jumapili. Nenda leo karakana, peke yako, mwambie azime mashine, mkae, umweleze yote unayoyajua kuhusu moshi. Atakuuliza umeyajua haya tangu lini. Mjibu ukweli.